Mdogo wangu alibadili nywila mara tatu, mwizi akaichukua mara tatu: uzi kuhusu wizi wa nywila kwenye kompyuta za nyumbani

Kisimbuzi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta hapa Morogoro, huu ni mwaka wa tisa. Nimesafisha mashine nyingi za watu, ila niliyoisafisha mwezi uliopita imeniuma kwa kuwa ni ya nyumbani kwetu. Naandika kirefu, mnivumilie. Kuna kosa moja ambalo karibu kila mteja wangu hulifanya baada ya kuibiwa, na ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Dogo anapiga picha na video za harusi. Jumatano usiku alikuwa anatafuta programu ya kuhariri video, ile ya kulipia, lakini yeye aipate bure. Akakuta video YouTube inayoelekeza, na linki chini yake. Kilichoshuka ni faili la zipu lenye nywila 1234. Maelekezo yakasema: zima kwanza antivirusi, la sivyo itafuta kreki, yaani kifaili cha kuifungua programu ya kulipia bila kulipa. Mara ya kwanza hakuizima, faili likafutwa. Akazima. Akafungua. Dirisha jeusi likatokea na kupotea kabla hajasoma hata neno moja, na ile programu haikufunguka. Akasema moyoni faili ni bovu, akafunika laptopu, akalala.

Alfajiri simu haikutulia. Ukurasa wake wa Instagram wa kazi unatangaza sarafu za kidijitali, wateja wanauliza kulikoni. Akafanya ambalo wengi tungelifanya: akafungua laptopu ileile, akaingia kwenye barua pepe, akabadili nywila. Baada ya saa chache akatolewa tena. Akabadili tena. Akatolewa. Mara ya tatu hivyo hivyo. Mchana akaja kibandani kwangu na laptopu kwapani, macho mekundu, nyuma yake mabwana harusi wawili wanadai picha zao.

Nywila yake haikuwa dhaifu. Ilikuwa na herufi 16 na alama zote. Tatizo ni kwamba kila mpya aliyoiandika, aliiandika mbele ya mwizi.

---

Kisimbuzi

Naendelea. Niwaeleze kilichotokea ndani ya ile laptopu, maana ukikielewa hiki hutahitaji kukariri masharti.

Programu hasidi za aina hii kazi yake ni kuzoa siri na kuondoka. Majina yanayojulikana ni RedLine, Raccoon, Vidar na Lumma. Mtu anayezitumia wala hahitaji kuwa mtaalamu, anazikodi kwa mwezi kama king'amuzi. RedLine ilivurugwa na polisi wa Uholanzi wakishirikiana na nchi nyingine Oktoba 2024. Lumma ilifuata Mei 2025, na Microsoft walisema kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei mwaka huo walikuta kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zimeambukizwa nayo. Miezi miwili tu, na ni moja kati ya nyingi.

Sasa nywila. Ukikubali Chrome ikuhifadhie, inaziweka kwenye faili dogo ndani ya folda yako, faili linaitwa Login Data. Zimefungwa kwa msimbo, ni kweli. Lakini ufunguo unatunzwa na Windows, na kwa miaka mingi Windows iliipa ufunguo huo programu yoyote inayofanya kazi kwa jina lako. Ni sawa na kufunga kabati halafu ufunguo ukamwachia mlinzi anayemfungulia yeyote aliyevaa shati lako. Programu uliyoibofya mwenyewe imevaa shati lako. Julai 2024 Google walikaza kwenye Chrome toleo la 127, wakaufunga ufunguo na Chrome yenyewe, na haikuchukua muda wezi wakapata upenyo mwingine.

Kwa hiyo herufi 8 au herufi 40, zinabebwa kwa pamoja.

Kibaya zaidi ni vidakuzi. Ukishaingia kwenye akaunti, tovuti inaweka kwenye kivinjari chako kitu kama tiketi, ili usiulizwe nywila kila unapofungua. Mwizi akichukua tiketi hiyo anaiweka kwenye kivinjari chake na anaonekana ni wewe, tayari umo ndani. Haulizwi nywila, haulizwi namba ya uthibitisho. Chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips, ambayo inaendeshwa na watu wanaoishi kwa kuongea kompyuta, iliporwa hivyo Machi 2023: mfanyakazi alifungua faili lililojifanya PDF ya udhamini, tiketi ikaondoka, chaneli ikaanza kurusha matangazo ya sarafu za kidijitali. Kwa dogo ilikuwa hivyo hivyo. Uthibitishaji wa hatua mbili, ile namba ya ziada baada ya nywila, alikuwa nao.

Na ile nywila ya 1234 kwenye zipu? Si ya kukulinda wewe. Antivirusi haiwezi kuchungulia ndani ya zipu iliyofungwa kwa nywila, ndiyo maana wanaiweka.

Nilipoikagua laptopu nilikuta kazi imepangwa ijiwashe yenyewe kila baada ya dakika kumi, imepewa jina linalofanana na la sasisho la Windows. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaibeba nywila mpya kila akibadili. Na mezani, yaani kwenye skrini ya mbele kabisa, kulikuwa na faili la maandishi lenye nywila zake zote pamoja na PIN ya pesa za simu. Mafaili ya namna hiyo hutafutwa na kubebwa pia. PIN ya simu haina sababu yoyote ya kukaa kwenye kompyuta.

---

Mama Wawili

Kaka Kisimbuzi pole na hongera kwa kutufungua macho. Mimi nywila zangu nimeziandika kwenye daftari, liko kabatini chini ya khanga. Mwanangu wa chuo ananiambia huo ni ushamba. Nibadilishe?

---

Kisimbuzi

Dada, daftari lako libaki hapo hapo. Mtu aliye nchi nyingine hawezi kufungua kabati lako. Hatari ya daftari ni watu wa ndani na moto, basi. Usilibebe kwenye mkoba na usilipige picha kwa simu.

Kwa mwenye akaunti nyingi kuna programu za kutunza nywila, kama Bitwarden au KeePassXC, zote zina matumizi ya bure. Tofauti yake na kivinjari ni kwamba ghala linafunguka kwa nywila kuu iliyo kichwani mwako, na Windows haina ufunguo wake. Niwe mkweli: programu hasidi ikiwa inafanya kazi wakati umelifungua ghala, inaweza kuona kilichomo. Lakini haibebi kila kitu kwa pigo moja wakati limefungwa.

Nywila kuu hiyo ndiyo ya kuihangaikia. Wizi wa LastPass, programu nyingine ya kutunza nywila, wa 2022 ulitoka na nakala za maghala ya wateja, na waliobaki hatarini zaidi ni wenye nywila kuu nyepesi. Njia ninayoipenda ni ya mwaka 1995, inaitwa Diceware: unarusha dadu tano, namba tano zinakupa neno moja kati ya 7,776, unarudia mpaka upate maneno sita. Orodha ya Kiswahili unaweza kuitengeneza na wanao kutoka kwenye kamusi. Kinatoka kitu kama kibatari, mgongo, shubiri, debe, kunguru, ahadi. Hayo msiyatumie, nimeshayaandika hapa. Muhimu dadu ndizo zichague, si wewe. Mstari wa wimbo, aya ya Kurani au ya Biblia, methali, hizo zote ni ndefu lakini wezi wanazo tayari kwenye orodha zao.

---

mtoto_wa_kijiji

Mkuu, kwani angekuwa na antivirusi ya kulipia si ingemzuia?

---

Kisimbuzi

Ile ya bure iliyokuja na Windows ilishamzuia. Ilipiga kelele, ikafuta faili mara ya kwanza, yeye akaizima. Ya kulipia nayo ina kitufe cha kuzima.

Kwa nyumbani Defender ya Windows 10 na 11 inatosha, usiweke mbili zikagombana. Ila kama bado uko Windows 10 jua kwamba masasisho ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo hilo la toleo ni kubwa kuliko la antivirusi. Nakumbusha WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia: Microsoft walitoa kiraka Machi 2017, kirusi kikaja tarehe 12 Mei 2017 na kuwakuta waliokuwa hawajasasisha.

Jambo dogo ambalo namfanyia kila mteja bila kumtoza: naiambia Windows ionyeshe mwisho wa majina ya mafaili. Kwa kawaida huwa imeuficha, hivyo mkataba.pdf.exe unakiona kama mkataba.pdf na picha ya PDF juu yake. Fungua folda yoyote, nenda sehemu ya mwonekano, weka tiki kwenye viambishi vya majina. Sekunde tano.

---

Bwana Shamba

Mimi shida yangu ni flashi. Nikienda steshenari kuchapa, nikirudi nyumbani mafolda yote yamekuwa vialama vyenye mshale na ukubwa wa kilobaiti moja. Kazi ya kikundi chetu cha ushirika ilikuwa humo, nikajua imepotea, nikaformati. Iliniuma sana.

---

Kisimbuzi

Pole sana mzee wangu, na inasikitisha zaidi kwa kuwa kazi ilikuwa bado humo humo. Kirusi hicho hakifuti. Kinayaficha mafolda yako halisi, kisha kinaweka vialama vyenye majina yaleyale. Ukibofya, folda inafunguka kweli ili usishtuke, na chenyewe kinaingia kwenye mashine.

Siku nyingine usibofye chochote. Safisha flashi kwa Defender kwanza, kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike hivi, ukibadili E kuwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda yatarudi mbele ya macho yako. Halafu nakili nyaraka zako tu, futa vialama.

Lakini steshenari kuna hatari kubwa kuliko flashi, nayo ni kuingia kwenye barua pepe yako kwenye mashine yao ili uchape kiambatisho. Mimi nimetengeneza mashine za steshenari. Nimekuta barua pepe za watu zaidi ya ishirini zimebaki wazi kwenye kivinjari kimoja, za walimu, za wanafunzi waliokuwa wanaomba mkopo, na nywila zimehifadhiwa kwa sababu mtu alibofya ndiyo kwa haraka foleni ikiwa nyuma yake. Mashine hiyo hiyo inapokea flashi za mtaa mzima. Tuma PDF kwa WhatsApp ya mwenye duka kutoka kwenye simu yako, au fungua barua pepe ya pili ambayo haina kitu kingine zaidi ya kuchapishia. Hili naomba mlichukue kwa uzito.

---

Mswahili wa Muscat

Asalaam aleikum jamaa. Nimesoma nimepata baridi. Jana usiku nilikuwa natafuta filamu, tovuti ikaniambia nithibitishe kuwa mimi si roboti. Badala ya kuchagua picha za pikipiki, ikasema: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Nikafanya. Hakikutokea kitu, nikaendelea na filamu.

---

Kisimbuzi

Waaleikum salaam. Kaka, acha kila kitu unachokifanya kwenye kompyuta hiyo. Zima wai-fai yake sasa hivi. Usiingie kokote kutokea hapo.

Tovuti ilikuwa imeweka amri kwenye ubao wa kunakilia bila wewe kuona. Windows na R inafungua kisanduku cha kuendesha amri, Ctrl na V inaibandika, Enter unaitekeleza kwa mkono wako mwenyewe. Lumma imesambazwa sana kwa njia hii. Hakuna uthibitisho wa kweli wa tovuti unaotoka nje ya kivinjari na kugusa Windows.

Chukua simu. Virusi vya Windows havihamii kwenye simu yako. Fuata huu mpangilio, na huu ndio ule ambao dogo aliukosa.

Kwanza kabisa, kwenye simu, fungua akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, na uiondoe laptopu kwenye orodha ya vifaa. Hili lije kabla ya kubadili nywila. Kama Chrome ya simu na ya laptopu zinaoanisha, nywila mpya utakayoihifadhi kwenye simu itashuka moja kwa moja kwenye laptopu iliyooza siku ukiirudisha mtandaoni.

Kisha badili nywila ya barua pepe, yenyewe kwanza, kabla ya benki na kabla ya Instagram. Aliye na barua pepe yako anaomba nywila mpya ya kila kitu kingine. Ukimaliza usikimbilie akaunti nyingine. Angalia namba ya simu na barua pepe za urejeshaji, je, zote ni zako? Angalia kama ameongeza njia yake ya kuingilia. Na angalia vichujio. Kwa dogo nilikuta kichujio kinachotupa kila ujumbe wa Instagram kwenye taka, ndiyo maana hakuona onyo hata moja usiku ule. Hivi vidude vya mwisho watu wengi hawavifikii, na mwizi anarudi navyo.

Hapo ndipo uende kwenye benki, kisha mitandao ya kijamii, na kila mahali tafuta chaguo la kutoka kwenye vifaa vyote. Kubadili nywila tu, kuna tovuti zinazoiacha ile tiketi ya zamani ikiendelea kufanya kazi.

Laptopu ni ya mwisho. Mimi siamini kusafisha mashine iliyopitiwa na mwizi wa namna hii. Nakili picha na nyaraka, usinakili programu yoyote, kisha Windows iwekwe upya kwa flashi iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine iliyo safi. Nijibu ukimaliza barua pepe.

---

Mswahili wa Muscat

Nimemaliza. Namba ya urejeshaji ni yangu. Ila kulikuwa na kifaa kimeingia saa tisa usiku, Windows, mji siujui kabisa. Nimekitoa. Benki nimewapigia, wamezuia kadi mpaka niende tawini. Allah akulipe kheri.

---

Kisimbuzi

Amin. Umewahi. Hiyo saa tisa alikuwa bado anaangalia kuna nini.

---

Nyakanga

Kwangu ni tofauti kidogo. Mafaili yote yameongezewa herufi nne za ajabu mwishoni, kila folda ina _readme.txt, wanataka dola 980, au 490 nikiwahi ndani ya saa 72. Ilikuwa baada ya kuweka kiwashio cha Office, kile cha kuitumia bila kuilipia. Nilipe?

---

Kisimbuzi

Usilipe. Maelezo yako yanafanana na familia ya STOP, wengine huiita Djvu, inayowalenga hasa watu wa nyumbani wanaotafuta kreki. Kampuni ya usalama ya Emsisoft walitoa kifunguzi cha bure Oktoba 2019, kinafungua matoleo ya zamani, na kwa mapya kinaweza kufanikiwa pale ambapo kirusi kilikosa intaneti kikatumia ufunguo wa akiba. Kipate kupitia tovuti ya No More Ransom, ambayo iliundwa na Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na polisi wa Uholanzi pamoja na kampuni za usalama mwaka 2016. Kisipofungua leo, hifadhi mafaili kwenye diski pembeni, funguo nyingine hupatikana baadaye.

Na usiishie hapo. Kirusi hicho mara nyingi kimeshusha mwizi wa nywila pamoja nacho. Ule mpangilio niliompa ndugu wa Muscat, wewe pia ufuate, leo hii, kwa simu.

---

Mama Wawili

Kaka, hujatuambia. Dogo alirudishiwa ukurasa wake? Na zile picha za harusi?

---

Kisimbuzi

Ukurasa ulirudi baada ya siku kumi na moja, alijirekodi video ya uso ili kuthibitisha ni yeye. Wafuasi kadhaa walikuwa wameshatuma hela kwa yule mwizi wakidhani ni dogo. Amewapigia mmoja mmoja, na wawili anawarudishia kidogo kidogo kutoka mfukoni mwake, ingawa sheria haimlazimishi.

Picha zilikuwa salama. Ana diski ya nje ambayo huichomeka kunakilia na kuichomoa papo hapo, hilo alishika tangu nilipomfundisha. Mabwana harusi walipata zao Jumamosi ile ile.

Sasa anahariri kwa DaVinci Resolve, toleo la bure linalotolewa na wenye programu wenyewe. Mashine yake nimemtengenezea akaunti mbili, ya kazi isiyo na mamlaka ya kuweka programu, na ya msimamizi ambayo nywila yake ninayo mimi. Akitaka kuweka kitu ananipigia. Jana amepiga saa tano usiku, anauliza kuhusu fonti ya kadi za mwaliko. Tumeitafuta pamoja kwenye simu, tukaipata ya halali.